Kiwanja cha marehemu Lubumbashi: mwite mtaalamu kabla ya kugawana

Matanga yakiisha, jamaa nyingi za Lubumbashi hugawana kwanza pesa ya pango. Karatasi zinakumbukwa siku mnunuzi anapokuja, au ndugu wawili wanapofikishana tribinali (mahakama), na wakati huo kila saini inagharimu zaidi. Mwiteni mtaalamu mapema, kila mmoja kwa kazi yake: noteri kwa kuthibitisha mikataba, avoka (wakili) kwa tribinali, mhasibu aliyeandikishwa ONEC, chama rasmi cha wahasibu wa Kongo, kwa madeni ya kodi. Yule anayesimama nje ya ofisi ya viwanja akiahidi kufanya yote matatu, mpiteni.

Anzeni na cheti cha kifo. Kifo kisipotangazwa ndani ya muda wa sheria, kitaandikwa kwa hukumu ya tribinali tu, na bila cheti hicho faili halisogei. Halafu baraza la jamaa liandike majina ya warithi wote, wakiwemo watoto waliozaliwa nje ya ndoa ambao baba aliwatambua kisheria akiwa hai. Kuwaficha ndiko kunakovunja faili nyingi. Likwidateri, yaani msimamizi wa mirathi, kwa kanuni ni mrithi mwenye umri mkubwa zaidi. Akikataa, warithi wanachagua mwingine, naye athibitishwe na tribinali.

Likwidateri anasimamia, hamiliki. Akihamisha cheti cha usajili cha kiwanja kwa jina lake peke yake, hatari ni kubwa: kwa sheria ya ardhi ya 1973, cheti kilichochukua nafasi ya kingine hakishambuliki tena baada ya miaka 2. Baada ya hapo warithi wanabaki kudai fidia tu. Nendeni kwa konservateri, ofisa anayetunza vyeti vya viwanja, kuhakikisha cheti kiko kwa jina la nani, hata kama nyumbani kuna amani.

Hesabu ndiyo inayowagombanisha watu. Tuseme mume na mke hawakuchagua mpango wa mali (namna ya kumiliki mali katika ndoa) siku ya ndoa, na mali waliyoipata pamoja, madeni yakishatolewa, ni dola 48 000. Nusu, dola 24 000, ni ya mjane tangu mwanzo. Hiyo si urithi. Urithi ni ile nusu nyingine. Robo tatu zake, dola 18 000, ni za watoto kwa mafungu sawa: wakiwa wanne, kila mmoja 4 500. Robo inayobaki inagawiwa makundi matatu: mjane, wazazi wa marehemu, na kaka na dada zake, kila kundi dola 2 000. Kundi likikosekana, mafungu yanabadilika, mwachieni avoka apige hesabu upya. Mjane ana pia haki ya kukaa katika nyumba walimoishi. Wakwe wanaomfukuza wanavunja Sheria ya Familia.

Kodi hazisimami kwa sababu mwenyewe amekufa. Kodi ya kiwanja na kodi ya pango ni za mkoa, na huku Haut-Katanga zinafuatwa na DRHKAT, ofisi ya mapato ya mkoa. Mhasibu aombe hali ya madeni ya miaka iliyopita kabla ya kugawa hata faranga moja. Mpangaji akisema alikata kodi kwenye pango, aonyeshe uthibitisho wa malipo; neno la mdomo halitawasaidia mbele ya mkaguzi.

Mzazi anayetaka kumpa mtoto kiwanja angali hai apite kwa noteri, mtoto akubali, kisha cheti kibadilishwe. Karatasi ya mkono yenye muhuri wa mkuu wa kata haihamishi kiwanja. Kuandika "mauzo" pale ambapo hakuna pesa iliyolipwa kunawapa ndugu sababu ya kushtaki, na zawadi haiwezi kula fungu la watoto wengine.

Marehemu akiwa alikuwa mkaaji wa Ubelgiji, tafuteni noteri wa kule haraka. Tangazo la urithi linatakiwa ndani ya miezi 4 kama alifia huko, miezi 6 kama alifia Kongo, na nyumba ya Lubumbashi lazima itajwe ndani yake.

Bei ya mtaalamu iandikwe kabla ya kazi na ilipwe kwa hatua. Msikubali asilimia ya nyumba. Mpeni nakala iliyothibitishwa, cheti chenyewe kibaki kwenu. Barua ya uwakilishi itaje kazi moja moja, kama kufuata faili au kulipa kodi, na neno "kuuza" lisiwemo.