Unasoma Mtandaoni? Mwonyeshe Mkutubi Silabasi Yako

Nilipoanza kusoma uhasibu kwa njia ya mtandao, nyumbani hapakuwa na kona tulivu hata moja. Nikawa nakwenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Kwa miezi miwili nilichotafuta mle ni meza iliyo karibu na soketi. Kitabu sikugusa.

Siku moja mkutubi, mama wa makamo, akaniuliza, "Mwanangu, unasomea nini?" Nikamwonyesha silabasi kwenye simu. Akaipitia mada kwa mada, kisha akanipeleka kwenye rafu ya namba 657. Kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kulinishinda wiki tatu, maana kwenye video mwalimu alipita haraka mno. Pale nikakuta sura nzima, yenye mazoezi na majibu yake. Nililielewa somo jioni ileile.

Kwa hiyo jifunze namba ya somo lako katika mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu vya maktaba kwa namba za masomo: elimu ni 370, hisabati 510, uhasibu 657, menejimenti 658. Ukifika, usichukue kitabu ulichofuata tu ukaondoka. Tazama na majirani zake, kwa sababu mtandaoni unapata ulichouliza, ila rafu hukuonyesha ambacho hukujua kukiuliza. Angalia pia mwaka wa uchapishaji. Mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya biashara, haijabadilika sana, lakini viwango vya kodi vya kitabu cha zamani vitakupotosha.

Wanaoandika utafiti waulizie machapisho ya Tanzania. Sheria inawataka wachapishaji nchini wapeleke nakala kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, kwa hiyo yapo mengi ambayo hayajawahi kuwekwa mtandaoni. Mengine husomwa humohumo tu, basi nenda na daftari.

Video zipakue nyumbani kwa bando la usiku. Mtihani wenye muda maalumu usiutegemeze kwenye intaneti ya maktaba peke yake; mimi ilinikatikia katikati ya jaribio kwenye maktaba moja, na alama zile sikuzipata tena. Vipindi vya moja kwa moja vinavyokutaka uongee vifanyie kwingine, wenzako wanasoma.

Ulizia pia uanachama na utaratibu wa kuazima, hata kama uko mkoani. Na ukienda kesho, kompyuta ibaki kwenye begi nusu saa ya kwanza. Anzia kwa mkutubi.