Kabla ya kukata tiketi ya Mafia, hesabu mwezi

Msomaji mmoja ameleta ujumbe wenye hasira. Siku tatu Mafia, na karibu nusu yake ameimalizia Utende, kijiji cha ufukweni, akitazama mashua zilizolala mchangani. Anauliza kosa la nani. Kosa ni la kalenda: safari aliipanga kwa tarehe za ofisini, na Ghuba ya Chole, mbele ya Utende, inakwenda kwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo.

Jedwali lako ni kalenda ya mwandamo, ile ile inayokuambia Ramadhani inaanza lini. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hushika sana siku moja au mbili baadaye: tarehe 1 hadi 3 za mwandamo, kisha 15 hadi 17. Siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kati ya kujaa na kupwa panapita mita tatu. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, na ukifika tarehe 8 hadi 10, au 22 hadi 24, ni maji mafu: bahari hupanda kidogo, hushuka kidogo, na kujaa kumehamia saa nne au tano asubuhi. Haya yakikaa kichwani, siku nyingine zote unazipata kwa kujumlisha.

Kutoka Utende kwenda kisiwa cha Chole ni mwendo mfupi, maji yakiwepo. Bamvua likipwa unabaki mchanga, majani ya bahari na tope, na abiria hushuka mbali, maji magotini, begi kichwani. Ndara zitabaki kwenye tope hilo. Vaa raba kuukuu, uzifunge kamba barabara. Tena buruta miguu, usiinyanyue. Samaki aitwaye taa hujifukia mchangani, akisikia mtikisiko anakimbia mwenyewe. Akikanyagwa mgongoni, mwiba wa mkia huingia kwenye kifundo cha mguu. Ikitokea, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha nenda hospitali.

Lakini maji kupwa si hasara tupu. Bamvua la saa nne asubuhi ndilo linalofunua mafungu ya mchanga katikati ya bahari, na ndipo akina mama wanaposhuka mwambani kutafuta pweza. Anayetaka kuona pwani ikifanya kazi aende siku hizo, na apige hodi kabla ya kupiga picha.

Wazamiaji wana hesabu yao. Maji ya ghuba huingia na kutoka kwa kasi kwenye mlango wa Kinasi. Yanapoingia huleta bahari safi ya nje. Yanapotoka hubeba vumbi la mchanga na tope la mikoko, ukaona mkono wako na basi. Zama mwisho wa kujaa. Kusi likivuma, hasa Juni hadi Agosti, nje ya ghuba ni mawimbi, kwa hiyo wengi hubaki ndani. Kaskazi huja Desemba hadi Machi. Aprili na Mei ni masika, na nyumba kadhaa za wageni hufunga.

Papa potwe, samaki wakubwa kuliko wote, ni habari nyingine. Wao wako upande wa magharibi, mbele ya mji wa Kilindoni, Oktoba hadi Februari, wakifuata chakula chao kwenye maji ya juu. Toka mapema, kabla upepo haujaamka. Ogelea ubavuni kwake, mita tatu au zaidi, usimzibe njia, usimguse, na mkia wake uuogope. Nahodha anayemkata mbele kwa mashine ili upate picha nzuri, mwambie azime.

Kasa wa Juani, kisiwa jirani na Chole, huanguliwa zaidi Juni hadi Septemba. Tochi na mwanga wa kamera ni marufuku, maana kinda hufuata mwanga na kuikosa bahari.

Na sasa lile linalowachanganya wengi: popo wa Chole na magofu ya Kua kwa siku moja. Popo hao wakubwa hushinda wakining'inia mitini wakigombana, na huruka jua linapozama. Kua iko Juani, mji wa Waswahili uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagascar mwanzoni mwa karne ya 19. Kuta za misikiti na jumba bado zimesimama kati ya mibuyu. Mfereji wa mikoko wa hapo hupitika maji yakijaa tu. Tarehe 11 na 12 za mwandamo, au 26 na 27, maji hujaa kwenye saa saba mchana, kwa hiyo Kua inakupokea vizuri. Lakini yatakuwa yamepwa saa moja jioni, wakati ule ule unapotaka kurudi Utende kutoka kwa popo. Siku hizo nenda Kua, popo waache mpaka bamvua, maji yanapojaa saa kumi jioni na mashua bado inaelea kiza kikiingia.

Ikiwa ni Ijumaa, usimpange nahodha kati ya saa sita na saa nane. Na ukikubaliana naye, usiishie kwenye saa ya kuondoka. Muulize: tutarudi na maji gani?