Jibu: Kozi ya bei chee ya saa 120 au CELTA?

Salaam ndugu yangu. Uko Tanga, unataka kufundisha Kiingereza watu wazima, na hujui kama kozi ya bei chee ya mtandaoni yenye saa 120 inatosha au ujibane ulipie CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza.

Usihesabu saa kwanza. Uliza: nitafundisha wanafunzi wa kweli saa ngapi, mkufunzi akinitazama? CELTA wanadai saa 6, na Trinity CertTESOL, cheti kingine cha aina hiyo, vilevile. CELTA yenyewe siku hizi husomwa hata mtandaoni, kwa hiyo nauli ya kwenda mbali isikutishe.

Mimi nilianza na ya bei chee. Video, maswali ya kuchagua, cheti kikaingia kwenye simu. Siku ya kwanza darasani, Chumbageni, nikachora mistari ya nyakati ubaoni dakika ishirini nzima, mpaka dereva mmoja wa bodaboda akanyoosha mkono: "Mwalimu, sisi tutaongea saa ngapi?" Nilitoka jasho.

Neno "ithibati", yaani kozi kutambuliwa rasmi, lisikubabaishe. TEFL, yaani kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, haina msimamizi mmoja duniani, basi uliza aliyeitoa ni nani. Na kama unalenga shule za serikali, cheti cha TEFL hakishiki nafasi ya stashahada ya ualimu.

Ila kama ni tuisheni za jioni tu, anza na hiyo hiyo ya bei chee, kisha omba kukaa nyuma ya darasa la mwalimu mzoefu.