Kampaundi ikiua seli, imetibu kansa?

Msomaji anauliza: "Natafsiri ripoti ya maabara, kampaundi (kemikali) za mimea zimejaribiwa kwenye seli za kansa. Skriningi niite uchunguzi au upimaji? Na kampaundi ikiua seli naweza kuandika inatibu kansa?"

Naanza na la pili maana ndo zito. Hapana, usiandike hivyo. Kitenzi kutibu kinataka mgonjwa, unatibu mtu au unatibu ugonjwa alionao mtu, na kwenye maabara hayo hakuna mgonjwa. Kuna kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, kila kishimo kina seli, wanatia kampaundi kwa viwango tofauti, wanaacha siku mbili tatu hivi, halafu wanaweka rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Zambarau ikififia maana yake seli zinazofanya kazi zimepungua, basi. Tena hapo hata kuua kuwe na tahadhari, kwa sababu rangi peke yake haikwambii kama seli zimekufa au zimeacha tu kuongezeka, kwa hiyo mi ningeandika "ilizuia seli kukua" mpaka ripoti yenyewe iseme zimekufa.

Na angalia njeo, yaani wakati wa kitenzi. "Inaua seli" ni kama tabia yake ya kila siku, popote pale, "iliua seli" ni jambo lililotokea kwenye jaribio lile. Herufi chache tu ila anayesoma anaweza kuwa na mama yake kitandani anaumwa, akaacha dawa za hospitali akakimbilia majani. Kuponya ndo kabisa, mtu anaweza kutibiwa miaka na asipone, hayo maneno mawili Kiswahili kimeyatenganisha zamani, tusiyachanganye sisi.

Sasa skriningi. Uchunguzi ni neno pana mno, na upimaji wa saratani watu wakisikia wanafikiria kwenda kupimwa wao wenyewe. Hapa ni kampaundi nyingi zinapitishwa ili zibaki chache, na kitendo hicho tunacho, ni kuchekecha, kama unavyochekecha unga. Andika uchekechaji wa kampaundi, au kampaundi zimechekechwa. Kuchuja siyo baya ila huko maabara wana kuchuja kwao kwa kweli, vimiminika, utawachanganya. Neno hili linabeba na ukubwa wa kazi: kati ya 1960 na 1982 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilichekecha sampuli za mimea kama 35,000, na moja ya hizo ni gome la mti lililochukuliwa 1962 ambalo ndimo ilimotoka paklitakseli, dawa ya saratani iliyokuja kuidhinishwa huko 1992. Miaka 30 toka gome mpaka kwa mgonjwa! Kitenzi kutibu kilianza kustahili huko mwishoni, walipotibiwa watu.

Kansa au saratani, yoyote, ila chagua moja ubaki nayo. Yote mawili asili yake ni kaa yule wa baharini, moja limepita Kilatini jingine Kiarabu.

Kwa hiyo sentensi yako iwe hivi: "Katika uchekechaji wa maabara, kampaundi hii ilizuia seli za saratani kukua, bado haijajaribiwa kwa binadamu." Hicho kipande cha mwisho, kama ndivyo ripoti inavyosema, usikikate hata ukiambiwa nafasi imeisha.