Misa ya Noeli ya Ryba katika ibada ya mkesha

Ndugu, umeuliza kama kwaya yenu inaweza kuimba Misa ya Noeli ya Jakub Jan Ryba katika ibada ya mkesha. Kazi hii ya mwaka 1796, ya mwalimu wa shule huko Rožmitál, Bohemia (sehemu ya Ucheki ya leo), ina sehemu zinazofuata mpangilio wa Misa, lakini maneno yake ya Kicheki husimulia wachungaji wanaoamshana usiku na kwenda Bethlehemu, wala si maneno ya Utukufu au Nasadiki. Wacheki huiimba hata ndani ya Misa. Kwenu, zungumzeni kwanza na paroko, au muiimbe kabla ya ibada. Anzeni mazoezi na Kyrie, sehemu ya kwanza, ambamo mwimbaji wa tenor (sauti ya juu ya kiume) anamwamsha bwana wake, anayeimbwa na besi (sauti nzito ya kiume): hapo ndipo furaha yote inapozaliwa.