Dawa tatu, presha haishuki

SWALI: Mume wangu ana miaka 52. Anameza dawa tatu za presha bila kuruka hata siku moja, lakini kipimo bado kinasoma 160/100. Usiku anakoroma, ghafla kimya, kisha anashtuka kama mtu aliyepaliwa. Kuna uhusiano?

JIBU: Upo, tena wa karibu: huenda ana tatizo la pumzi kukatika usingizini (sleep apnea). Kinachotisha ni kile kimya, si mkoromo. Misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni inashuka, na mwili unamwaga homoni zinazobana mishipa. Presha inapanda saa ambazo kwa kawaida hushuka kwa asilimia 10 hadi 20.

Mrekodi kwa simu akiwa amelala, mkampe daktari asikilize. Mtaje kama huamka na maumivu ya kichwa au husinzia mchana, na mpimeni shingo: zaidi ya sentimita 43 kwa mwanamume ni dalili. Kipimo cha usingizi huhesabu ni mara ngapi katika saa moja pumzi hukatika au kupungua; kuanzia 5 ni tatizo, 30 ni kali.

Akipewa mashine ya kusukuma hewa, aivae usiku kucha. Chini ya saa 4 faida ni ndogo. Wengi huiacha kwa sababu barakoa inavujisha hewa machoni. Msikimbilie kukaza mikanda, ombeni saizi nyingine. Na vidonge asiache: kwa wastani mashine hushusha presha kwa milimita 2 au 3 tu, mfano 160 iwe 157. Uzito ukipungua, koo nalo hupata nafasi. Alale ubavu, na bia ya jioni aiache.