Maswali ya Wasomaji: Kifyatulio Kizito, Kifyatulio Chepesi

SWALI: Shikamoo mzee. Ninaishi Duluth, Minnesota, na huu utakuwa msimu wangu wa tatu wa kuwinda kulungu. Bunduki yangu ya bolti (komeo linalovutwa kwa mkono kila baada ya risasi) ilitoka kiwandani na kifyatulio kizito, yaani kile kinachovutwa kwa kidole ili kupiga, ambacho fundi alikipima akakuta kinahitaji nguvu ya ratili 6 na nusu. Mwenzangu wa uwanja wa shabaha ameniazima yake, aliyoifungia kifyatulio kingine cha ratili 1 na nusu, nami nikalenga vizuri kuliko nilivyowahi kulenga. Je, ninunue kama chake?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nunua, lakini usinunue chepesi kiasi hicho.

Tofauti uliyoiona ni ya kweli. Bunduki ya kuwindia pamoja na darubini yake huwa na uzito wa ratili 8 hivi, kwa hiyo unapoivuta kwa kidole kimoja kwa nguvu ya ratili 6 na nusu, yaani karibu kilo 3, ni vigumu mno mkono usiisogeze kabla risasi haijatoka mtutuni. Mimi nilivumilia kifyatulio cha namna hiyo kwa miaka minne, kwanza nikiishuku darubini, kisha nikizishuku risasi. Nilipokibadilisha, matundu yaliyokuwa yakitawanyika upana wa kiganja kwa mita 100 yalikusanyika hata yakakaribia kufunikwa na kizibo cha soda, na mtutu ulikuwa uleule. Tena si uzito peke yake ulionisumbua, bali ni kule kujikokota kwa kifyatulio, kikisogea kwa kukwaruza kidogo kidogo, nisijue kitaachia wakati gani.

Sasa fikiria asubuhi ya Novemba huko kwenu, umevaa glovu na kidole kimekufa ganzi. Kifyatulio cha ratili 1 na nusu kinafaa mezani, pale mlengaji ametulia na bunduki imelazwa juu ya mifuko ya mchanga. Porini kidole chenye ganzi hakitahisi chochote mpaka mlio umekwisha kusikika. Kwa mwindaji ninapendekeza ratili 3, yaani kilo 1.4 hivi, na sipendi kushuka chini ya 2 na nusu.

Kabla ya kutoa fedha, soma kijitabu cha bunduki yako uone kama kifyatulio chake kinarekebishwa. Tangu kiwanda cha bunduki cha Savage kilipoleta AccuTrigger, kifyatulio chake cha kurekebishwa, mwaka 2002, viwanda vingi vimeruhusu mwenye bunduki apunguze uzito mwenyewe kwa skrubu ya springi. Lakini skrubu inayopanga kina cha mshikano wa vyuma vinavyoizuia pini, ile inayogonga risasi, usiiguse, kwa sababu mshikano huo ukipungua kupita kiasi, bunduki inaweza kufyatuka kwa kugongwa tu.

Ukiamua kununua, Timney, watengenezaji wa vifyatulio, wamekuwa katika kazi hii tangu 1946, na TriggerTech wa Kanada hutumia kigurudumu kidogo mahali ambapo vyuma vingesuguana. Hakikisha kinalingana na modeli yako, na uangalie kizuizi cha usalama kimefungwa wapi: katika Remington 700 kimeungana na kifyatulio, ilhali katika Mauser 98 kiko nyuma ya bolti.

Kifungwe na fundi bunduki, kisha mkijaribu pamoja bila risasi ndani. Funga bolti kwa nguvu mara nyingi, gonga kitako kila upande kwa nyundo ya mpira, weka usalama, vuta kifyatulio, kiachie, halafu ondoa usalama: pini isianguke hata mara moja. Usidhani ninatia chumvi. Aprili 2014 Remington waliziita kiwandani bunduki za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, kwa kuwa gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha ingeweza kuzifanya zifyatuke zenyewe. Ikiwa kiwanda kikubwa kinakosea, sisi wa mezani nyumbani tujihadhari zaidi.

Na usikitie mafuta mazito. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza. Kulipokucha barafu, mafuta yaliganda na kifyatulio hakikurudi mahali pake. Kisafishe, kiache kikavu.

SWALI: Ninashindana Bisley, Uingereza, katika Target Rifle, mchezo wa kulenga shabaha za mbali. Je, naruhusiwa kuweka kifyatulio cha gramu 500?

JIBU: Usikiweke kabla hujasoma kanuni za sasa za mchezo wako. Humo ndimo kilimo kiwango cha chini unachopaswa kutimiza; kwa mfano ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, wanataka kisipungue kilo 1.5 kwa bunduki sanifu ya mita 300. Nakushauri uchukue cha hatua mbili: hatua ya kwanza hubeba sehemu kubwa ya uzito, kisha kidole hukutana na ukuta mdogo, na kinachobaki kuuvuka ni kidogo, ingawa jumla yake inatimiza kanuni. Kipange kizidi kidogo kiwango cha kanuni zako, kwa maana waamuzi hukipima kwa kuning'iniza uzito, na springi hulegea kadiri inavyotumika.